Nyumba Ikifungwa, Nani Amwelekeze Mgeni?

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, mfanyakazi wa Serikali, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa wa skuli yetu.)



Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya jambo la kazi yangu, litakalowafaa vijana na lisilowalaza wazee. Kazi yangu ni kuangalia mitambo ya kompyuta ya Serikali. Katika kazi hiyo liko jambo moja ambalo watu wengi hawalioni, nalo ndilo linaloamua kama huduma itamfikia mwananchi au haitamfikia: namna jina linavyompeleka mtu kwenye mashine iliyo hai. Siku hizi jambo hilo linaweza kufanywa lijiendeshe wenyewe, kwa kukodi mitambo ya makampuni makubwa, ile inayoitwa wingu. Nakusudia kueleza linavyofanya kazi, faida yake, na khasa mahali ambapo sisi watu wa visiwani tunatakiwa tusiwaamini wauzaji kwa kila wanalosema.

Nianze na Mji Mkongwe, maana kila aliyemo humu anaujua. Mgeni akishuka Malindi akauliza nyumba ya Bwana fulani wa Kajificheni, hapana mtu atakayemtajia namba ya nyumba. Namba huenda zipo, lakini nani anazihifadhi? Ataambiwa: "Shika njia hii mpaka Darajani, waulize wale wa kahawa." Wa kahawa hawaijui nyumba, lakini wanamjua anayeijua, watamwambia: "Ingia Mkunazini, ukifika Kajificheni muulize fundi cherehani." Fundi ndiye atakayenyoosha kidole na kusema, mlango ule.

Mfumo wa majina ya intaneti, ambao kwa kifupi huitwa DNS, ni hivyo hivyo. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba ndefu. Mtu anaandika jina, na kompyuta yake inakwenda kuuliza. Inaanza kwa wale wanaoitwa mizizi, ambao wao wanajua tu nani anaweka daftari la .tz, nani la .ke, nani la .om. Mwenye daftari la .tz anajua nani anashika majina ya afisi fulani. Na mshika majina wa afisi ile ndiye fundi cherehani wetu: yeye ndiye anayetoa namba ya mashine yenyewe. Mpango huu aliubuni Paul Mockapetris huko Marekani mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa na taasisi moja ya California, na kila mwenye kompyuta akinakili. Orodha ilipokuwa ndefu, kunakili kukashindikana, ndipo kazi ikagawiwa kila mtaa ujue watu wake. Kwetu, kazi ya daftari la .tz iliundiwa chombo chake, tzNIC, mwaka 2006.

Sasa liko jambo la pili, nalo ni kukumbuka. Ukishaulizia nyumba mara moja, kesho huulizi tena, unakwenda moja kwa moja. Na wa kahawa naye akishasikia jibu analiweka kichwani, mgeni mwengine akija anamwelekeza papo hapo. Kompyuta nazo hukumbuka, ila kila jibu huja na muda wake, kwa sekunde. Ukipita muda huo, lazima uulizwe upya. Mwenye jina ndiye anayeweka muda. Wengi huacha sekunde 86,400, yaani siku nzima, kwa sababu ndivyo walivyokuta. Muda mrefu unapunguza maswali. Lakini Bwana fulani akihama leo asubuhi, baraza zote za mjini zitaendelea kuwapeleka wageni nyumba tupu mpaka kesho.

Nitakupeni mfano niliouona kwa macho yangu, na afisi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na huduma moja ya malipo iliyotumiwa na watu wa mjini na wa shamba. Ilikuwa na mashine mbili: moja ya kazi, nyengine ya akiba, na ya akiba ilikuwa imejaa kumbukumbu zote, haina tatizo. Mashine ya kazi ikafa. Ilichotakiwa ni kubadilisha mstari mmoja katika daftari la majina, ili jina lielekee mashine ya akiba. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua mstari ule uko wapi na neno la siri ni lipi, naye alikuwa Makka kwa Hija. Alipopatikana kwa simu ilikuwa siku ya pili. Akabadilisha. Kisha zikaanza kuhesabiwa zile sekunde 86,400. Watu walitoka Nungwi na Makunduchi, wakalipa nauli ya daladala kwenda na kurudi, wakaambiwa dirishani kwamba mtandao haupo. Mtandao ulikuwepo. Mashine ilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kunyoosha kidole.

Simlaumu yule bwana hata kidogo. Alikuwa katika ibada, na afisi haikuwa na haki ya kuweka mlango wa wananchi wote katika kichwa cha mtu mmoja.

Hebu tutazame dawa. Mwezi wa Disemba 2010 kampuni ya Amazon ilianza kuuza huduma ya kushika majina iitwayo Route 53, na hiyo 53 ni namba ya mlango ambao maswali ya DNS hupitia katika kila kompyuta. Google, Microsoft, Cloudflare na wengineo wanazo huduma kama hiyo. Simfanyii mtu biashara hapa, nataja ya Amazon kwa kuwa naijua zaidi. Fundi cherehani wa aina hii hafanyi kazi ya kunyoosha kidole tu. Anao vijana anaowatuma kwenda kupiga hodi kwenye mashine zako kila baada ya sekunde 30, au 10 ukilipa zaidi. Mashine ikikosa kuitika mara 3 mfululizo, fundi anaacha kuwaelekeza watu kule, anawaelekeza kwenye nyumba ya akiba.

Piganeni hesabu pamoja nami, vijana. Sekunde 30 mara 3 ni 90. Ukiweka muda wa kukumbuka uwe sekunde 60, jumla ni sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu. Yule bwana wa Makka angemaliza tawafu yake bila ya kupigiwa simu, na mtu wa Nungwi asingejua kuwa kulitokea jambo. Wako baadhi ya watoa huduma ambao hawaheshimu muda ulioandikwa, wanakumbuka zaidi ya walivyoambiwa, kwa hiyo wateja wachache watachelewa. Lakini wachache kwa dakika kadhaa si sawa na wote kwa siku mbili.

Fundi huyu anaweza pia kugawa wageni. Ukiwa na programu mpya usiyoiamini bado, unamwambia: katika kila watu 100, wawili wapeleke nyumba mpya, 98 wabaki nyumba ya zamani. Siku ukiona wawili wale wanasalimika, unaongeza. Au unamwambia aangalie mgeni anatoka wapi: jamaa zetu wa Maskati awapeleke kwenye mashine iliyo Imarati, ambako Amazon walifungua vituo vyao mwaka 2022, na wa huku awapeleke Cape Town, ambako walifungua mwaka 2020. Safari fupi hupunguza kungoja, maana mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde na hauongezi mwendo kwa sababu mteja ana haraka.

Mpaka hapo ni uwezo wa mashine. Kujiendesha wenyewe ni jambo jengine, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Mtu anaweza kuyapanga haya yote kwa kubonyeza bonyeza katika ukurasa wa kampuni, akamaliza, akaondoka. Baada ya miezi sita hapana ajuaye alibonyeza nini. Tumerudi Makka. Njia iliyo bora ni kuandika matakwa yako katika faili la maandishi ya kawaida: jina hili, nyumba ya kwanza hii, ya akiba hii, pigeni hodi kila sekunde 30, kukosa mara 3, kukumbuka sekunde 60. Kisha programu inasoma faili, inakwenda kutazama hali ilivyo, na inarekebisha mpaka hali ilingane na maandishi. Inayotumika sana ni Terraform, iliyotoka mwaka 2014. Mwaka 2023 kampuni yake ilibadilisha masharti ya leseni, baadhi ya watu wakatoka na nakala yao waliyoiita OpenTofu. Ukijua moja umejua zote mbili.

Faili likiwa la maandishi, linaweza kuwekwa kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadili, siku gani, kwa sababu gani. Linaweza kusomwa na mtu wa pili kabla halijatekelezwa. Na programu yenyewe, kabla ya kugusa kitu, hukuandikia inachotaka kufanya: itaongeza hiki, itabadilisha kile, itafuta kile pale. Mimi huwaambia vijana wa afisini kwetu kwamba mstari wa "itafuta" usomwe mara mbili na watu wawili. Maneno ya siri hayaandikwi humo kabisa, yana mahali pake pa kufungiwa.

Sisi tuliomo serikalini tunajua maana ya makabidhiano. Mtu anahamishwa Pemba, anapandishwa cheo, anastaafu, anafariki. Anayekuja anakuta meza, kiti, na mafaili yasiyokuwa na alichokijua mwenzake. Faili hili, maadam ndilo linaloendesha mtambo, haliwezi kuwa pungufu. Likikosea, mtambo unakosea na kosa linaonekana. Sijapata kuona hati ya makabidhiano iliyo kweli zaidi ya hiyo.

Sasa, ndugu zangu, nifike pale nilipoahidi.

Muuzaji atakwambia: chukua mashine mbili kwangu, moja Cape Town na moja Ireland, ikifa moja itashika nyengine, lala usingizi. Hayo ni kweli kwa mtu wa Ireland. Kwa mtu wa Unguja, iko kasoro. Mtambo huu unatibu nyumba iliyofungwa, hautibu njia iliyokatika.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Miezi michache nyuma, Februari, kebo nyengine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Kwa hiyo siku ile ya Mei njia ya kusini na njia ya kaskazini zote zilikuwa na jeraha, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mnakumbuka wenyewe. Sasa fikirini huduma ya hapa nyumbani ambayo nyumba zake zote mbili ziko ng'ambo. Vijana wa Route 53 wanaopiga hodi, kwa mujibu wa orodha ya kampuni, wako katika vituo 8: vitatu Marekani, na kimoja kimoja Ireland, Singapore, Japani, Australia na Brazili. Afrika hamna. Na sheria yao ni kwamba zaidi ya asilimia 18 ya wapiga hodi wakisema mashine inaitika, basi inahesabiwa hai. Siku ya kukatika kebo zetu, kijana wa Tokyo anapiga hodi Ireland, anaitikiwa vizuri kabisa. Anaandika: hai. Fundi anaendelea kunyoosha kidole kule kule, na mtu wa Mwanakwerekwe anaendelea kutazama duara linalozunguka. Kila chombo cha kupima kinasema afya njema, na huduma haipo.

Rai yangu ni hii, na najua wako wenzangu wasiokubaliana nayo kwa sababu ya gharama. Huduma inayotumiwa na watu wa hapa nyumba yake moja iwe hapa. Nyengine iwe popote, Dar es Salaam au wingu la ng'ambo, kwa ajili ya siku hapa pakiungua. Mshika majina mmoja awe hapa, maana nyumba ikiwa Vuga na anayejua njia yake yuko Marekani, kebo ikikatika hujafika. Na mpiga hodi mmoja awe wetu, akae Unguja, apige hodi kwa kupitia njia zile zile anazopita mwananchi. Kompyuta ndogo ya bei ya simu inatosha kwa kazi hiyo. Yeye ndiye asikilizwe zaidi ya wale wa Tokyo.

Na nyumba ya hapa lazima iwe na umeme wake. Wadogo zangu wengi humu walikuwa hawajazaliwa mwezi Mei 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima kwa karibu mwezi. Tulikuwa tunaletewa umeme kutoka Bara kwa kebo moja iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Ilipopata hitilafu, hapakuwa na ya pili. Na umeme ulipokwenda ulikwenda na maji, kwa kuwa pampu nazo zinataka umeme. Watu wakarudi visimani. Ikatengenezwa. Mwezi Disemba 2009 ikaharibika tena, na safari hii tulikaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Mji uliokuwa na tochi za mishumaa na moshi wa majenereta hauhitaji kufundishwa maana ya njia moja. Kebo mpya, ya megawati 100, ilikuja mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Mimi nikisikia mtu anapendekeza mtambo wenye njia moja "kwa kuanzia", huwa namuuliza alikuwa wapi ule mwaka.

Kuna kinyume kimoja katika khabari hii ambacho hunishughulisha kila nipitapo Shangani. Jengo lile ambalo leo ni hoteli ya Serena lilikuwa la mawasiliano ya ng'ambo, likijulikana kwa jina la Extelcoms. Kebo ya simu ya maandishi ilifika Unguja mwaka 1879, ikitoka Aden na kuendelea Msumbiji, Delagoa Bay mpaka Durban. Waingereza waliharakisha kwa sababu mwaka ule ule, Januari, jeshi lao lilishindwa na Wazulu Isandlwana, na khabari ikachukua karibu wiki tatu kufika London. Mwaka 1890 ikaongezwa kebo ya kwenda Mombasa, na mwaka 1893 ya kwenda Shelisheli na Morisi. Kwa hiyo kisiwa hiki kilikuwa njia panda. Khabari ya Durban ilipofika Shangani, karani alisoma anwani, akaamua ipite kebo ipi. Kuelekeza safari, kwa mkono na kwa jicho, kulifanywa hapa hapa miaka zaidi ya mia kabla ya Route 53. Kebo zile hazikuwa zetu, na wala sizitamani zirudi. Lakini sioni kwa nini mji uliokuwa ukiwaelekezea wengine njia uwe leo unangoja kuelekezwa kutoka Tokyo.

Nisije nikaonekana nausifu mno mtambo unaojiendesha. Nao unaweza kuua, tena kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, baada ya magharibi kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi. Wengi wenu mlidhani ni simu zenu. Katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri iliyokata mawasiliano baina ya vituo vyao vyote, na programu iliyowekwa kuzuia amri kama ile ilikuwa na kasoro, haikuizuia. Washika majina wao walikuwa wamefundishwa kwamba wakiona hawawasiliani na vituo, wajitoe barabarani, kwa kudhani wao ndio wagonjwa. Wakajitoa wote kwa pamoja. Mitambo ya kufungulia milango ya majengo nayo ilitegemea mtandao ule ule, na mafundi wakapata shida kuingia kwenye majengo yao wenyewe. Kanuni ilikuwa nzuri kwa mgonjwa mmoja, haikufikiria siku ambayo wote watajiona wagonjwa.

La pili ni la tarehe 20 Oktoba 2025, na hilo ni la Amazon wenyewe, ambao ndio wauza dawa. Saa 3 na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, huduma yao kubwa ya kuhifadhi data, iitwayo DynamoDB, ilipotea katika kituo chao cha Virginia. Mashine zilikuwa nzima. Jina ndilo lililokuwa tupu. Walikuwa na programu moja ya kutunga mipango ya majina, na programu nyengine kadhaa za kuitekeleza, zikifanya kazi sambamba ili moja ikikwama nyengine ishike. Moja ikachelewa sana. Wakati inajikokota na mpango wa zamani, mwenzake akaja na mpango mpya, akautekeleza, kisha akaanza kufagia mipango ya zamani. Yule aliyechelewa akafika, akauweka mpango wake wa zamani juu ya ule mpya. Na mfagiaji akaufuta, kwa kuwa ni wa zamani. Ikabaki jina lisilo na anwani hata moja, na mtambo ukiwa umejifunga, hauwezi kujirekebisha. Ilibidi watu waingie kwa mkono. Jina lilirudi saa 6 na dakika 25 mchana, lakini huduma nyengine zilizolitegemea ziliendelea kuyumba mpaka usiku wetu. Baadaye Amazon walizizima programu zile mbili duniani kote mpaka zitengenezwe.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kanuni ambayo kijana yeyote anaweza kuiandika katika programu yake kwa mistari miwili: kabla ya kufuta, hesabu kinachobaki, na kikiwa sifuri, kataa na umwite mtu. Yule karani wa Shangani hangehitaji kuambiwa. Mashine lazima iambiwe. Na lazima pawe na mtu anayejua bado kufanya kazi ile kwa mkono, tena awe ameifanya si zamani. Sisi huchagua siku moja, asubuhi ambapo kazi ni chache, tukaizima mashine ya kwanza kwa makusudi na kushika saa mkononi. Mara ya kwanza hesabu ya dakika mbili na nusu ilikuwa dakika kumi na moja, kwa sababu kifaa kimoja njiani kilikuwa kinakumbuka kupita kiasi. Tungeijua vipi bila ya kuzima?

Kwa wanafunzi wa sasa, na khasa wa klabu ya kompyuta, nina jambo la vitendo. Skuli za nchi hii zina haki ya kuwa na jina linaloishia .sc.tz, na msingoje mtu wa nje aje awasimamishieni. Programu iitwayo BIND, ambayo mpaka leo inashika majina katika sehemu kubwa ya dunia, iliandikwa na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1984. Inapatikana bure, na haitaki kompyuta mpya. Simamisheni kompyuta mbili zenye ukurasa mmoja wa salamu, na ya tatu iwe fundi cherehani. Andikeni programu ndogo ya kupiga hodi kila sekunde 30, na baada ya kukosa mara 3 iandike upya anwani katika daftari. Kisha mmoja wenu achomoe waya wa kompyuta ya kwanza bila ya kuwaambia wenzake siku wala saa, na mwengine apime. Mkimaliza hilo, chomoeni waya wa fundi cherehani mwenyewe, mtazame kinachotokea. Hapo ndipo penye somo la muhula mzima, na sitaki kukutobolieni.

Ndugu zangu wa darasa letu tumechanga, na kompyuta tatu zilizotumika, zenye kufanya kazi, zimo afisini kwa Mwalimu Mkuu tangu asubuhi. Waya wa kuunganishia nimesahau sina budi niseme haukununuliwa wa kutosha, Ndugu Mweka Hazina anajua, na ameahidi mbele yangu kwamba utafika kabla ya skuli kufunguliwa.